Akina John wa mgodini: kisa cha wasikilizaji 11 na oratorio moja

Mzee wetu wa besi aliinuka kabla sehemu ya kwanza haijaisha, akajimiminia kahawa, akatoka na kikombe chake mpaka kwenye ngazi za nje. Mlango hakuubamiza. Aliurudishia polepole, na sisi tunaomfahamu tukajua amekasirika kuliko kama angeubamiza. Kwenye spika waimbaji walikuwa bado wanataja majina: John huyu, John yule, John mwingine, jina fupi juu ya jina fupi, kama mtu anayepigilia misumari kwenye ubao.

Mimi nilikuwa na daftari mapajani. Kazi niliyopewa jioni ile ilikuwa kuandika nani kasema nini, kwa sababu mwalimu wa kwaya alitaka tuamue jambo letu bila kelele. Jambo lenyewe ni hili: kwa ajili ya jioni ya kuwakumbuka wachimbaji wa makaa ya mawe, je, tujifunze sehemu mojawapo ya *Anthracite Fields* ya Julia Wolfe, au tuachane nayo? Tulikuwa 11 kwenye chumba cha chini cha kanisa, hapa Scranton, Pennsylvania, mji uliojengwa juu ya mashimo yake wenyewe. Nimekaa hapa miaka ya kutosha kujua kwamba ukitaja makaa mbele ya watu wa bonde la Lackawanna, umetaja ukoo wa mtu, na usipoangalia unaweza kuwa umemtukania marehemu.

Kwa asiyeijua kazi hii, ni oratorio, yaani kazi ndefu ya kuimbwa inayosimulia jambo, ya kwaya na wapigaji sita: klarineti, chelo, kontrabasi, kinanda, gitaa la umeme na ngoma za aina mbalimbali. Iliimbwa mara ya kwanza Philadelphia mwaka 2014 na Mendelssohn Club, kwaya ya mji huo iliyoiagiza, ikishirikiana na kikundi cha Bang on a Can All-Stars cha New York. Mwaka 2015 ilimpatia Wolfe tuzo ya Pulitzer ya muziki. Ina sehemu tano, na yote inapita saa moja kidogo tu. Mtunzi alikulia Montgomeryville, mji mdogo kaskazini mwa Philadelphia. Ameeleza mwenyewe kwamba utotoni, wakifika barabara kuu namba 309, karibu kila mara walikata kulia kwenda mjini. Kushoto ndiko kulikokuwa na nchi ya makaa, na huko hawakuwa na safari, ingawa bibi yake alikulia hapa hapa Scranton. Alipokuja kuitunga kazi hii alikuwa mtu mzima, na safari hii alikata kushoto: aliingia migodini, akazunguka makumbusho ya vijiji, akahoji watoto na wajukuu wa wachimbaji.

Nje ya bonde imesifiwa sana. Mwandishi wa muziki wa Los Angeles Times aliiita kazi kubwa yenye kina, na kanda iliyorekodiwa na kwaya ya Trinity Wall Street, iliyotoka mwaka 2015, imezunguka kotekote. Kwetu sifa hizo hazikusaidia kitu. Mwandishi wa gazeti hukaa ukumbini kwenye kiti chenye namba. Sisi tulikuwa tumekaa karibu na watu ambao babu zao ndio mada.

Kabla sijaeleza nani alisema nini, niseme kosa langu, maana bila hilo kisa hakieleweki. Nilikuwa na maneno ya oratorio yote, nimeyachapa, nakala 11. Nikaona nisiyagawe. Nilitaka watu wasikie kwanza kwa masikio, bila kuelekezwa. Nilijiona mjanja. Kumbe nilikuwa nimewanyima kitu kimoja kidogo ambacho kingemzuia mzee asitoke nje.

Sehemu ya kwanza inaitwa Foundation, yaani Msingi. Inaanza na mvumo wa chini kabisa, mzito, na humo ndani kila baada ya muda kinapasuka kishindo. Spika yetu ya kushoto ina mkwaruzo, na mvumo ulipoanza vijiko vilivyokuwa kwenye sinia vikaanza kutetemeka vyenyewe. Mama mmoja wa soprano, mzaliwa wa Kivu, akaniinamia akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Kaka, wameshashuka." Alikuwa na ndugu aliyekuwa akishuka mashimo ya dhahabu kwa kamba. Hakusema zaidi, nami sikumwuliza.

Kisha yakaja majina. Wolfe aliyatoa kwenye orodha ya ajali za migodini Pennsylvania, ya miaka ya 1869 hadi 1916. Mwaka huo wa kuanzia una uzito wake. Tarehe 6 Septemba 1869 moto ulizuka kwenye mgodi wa Avondale, ng'ambo ya mto kutoka Wilkes-Barre. Mgodi ulikuwa na njia moja tu ya kutokea, na hiyo ndiyo iliyoshika moto. Walikufa watu 110, wawili kati yao wakiwa wameshuka kwenda kuokoa wenzao. Mwaka uliofuata Pennsylvania ikatunga sheria iliyodai kila mgodi wa anthrasiti, yaani makaa magumu ya huku kwetu, uwe na njia mbili na uwe na wakaguzi. Ndiyo maana tuna orodha: wakaguzi walianza kuandika. Tangu hapo hadi uchimbaji huu ulipofifia, waliokufa kwenye migodi ya anthrasiti wanapita 30,000. Orodha ya namna hiyo huwezi kuiimba yote, hata ukikesha. Kwa hiyo mtunzi akachagua akina John peke yao, na kati yao wale tu ambao jina la ukoo lina silabi moja, akawapanga kwa alfabeti.

Hayo niliyajua mimi. Wengine waliokuwa mle chumbani walisikia tu John, John, John.

Mama wa soprano alikuwa akizihesabu shanga za tasbihi yake, moja kwa kila jina, mpaka zikamwishia. Baadaye aliniambia kilichomsumbua. "Hawa wanatajwa kama watu waliozaliwa na shimo. Kwetu ukimtaja marehemu unasema mwana wa nani, ametoka wapi, ameacha nani. Hapa jina linatajwa, linaachwa, linatajwa jingine." Nilimwuliza kama kwa sababu hiyo anaona ni wimbo mbaya. Akanishangaa. "Nimesema unauma. Mbaya nimesema lini?"

Teno wetu kijana, mwanafunzi wa uhandisi, alichoka kwenye dakika ya 10, na hakuficha. Alisema ameelewa ujumbe kwenye John wa 20, waliobaki wa nini? Hoja hiyo naiheshimu, na nadhani ndiyo hoja ya wasikilizaji wengi wanaouona muziki wa namna hii kuwa ni kurudia tu. Lakini hapo ndipo kazi ilipo. Mtu mmoja akifa shimoni ni habari. Wakifika 20 wanakuwa hesabu, na kichwa kinaanza kutafuta mlango wa kutokea. Wolfe anakushika hapo hapo mlangoni. Kuchoka kwake kijana kulikuwa sehemu ya wimbo, ingawa sikumwambia hivyo usiku ule, maana ningeonekana namtetea mtunzi badala ya kuandika.

Mzee alipotoka nilimfuata kwenye ngazi. Ana miaka 78. Amezaliwa hapa, na babu yake alikuja kutoka milima ya Slovakia, akafa mwaka 1913 alipoangukiwa na dari ya mgodi. "Wote watu wa Wales na Waingereza," aliniambia, bila kugeuka. "Wametuimbia mabosi na manyapara. Sisi tuko wapi?"

Malalamiko yake yana mizizi, nami siyachezei. Migodi hii ilianza na wachimbaji wenye ujuzi kutoka Wales na Uingereza, wakafuata Waayalandi, kisha kuanzia miaka ya 1880 wakamiminika watu wa Poland, Slovakia, Lithuania, Ukraine na Italia. Waliofika mwisho walipewa kazi za mwisho, na mara nyingi juu yao walisimamiwa na wale wa mwanzo. Tarehe 10 Septemba 1897 pale Lattimer, karibu na Hazleton, mkuu wa polisi wa wilaya na watu wake waliwafyatulia risasi wachimbaji waliokuwa wakiandamana bila silaha. Walikufa 19, karibu wote Waslavi, na mahakama ikawaachia huru waliofyatua. Mtu aliyelelewa na hadithi hiyo mezani kwao, ukimwimbia majina ya wafu na asisikie hata moja linalofanana na la kwao, atakuelewaje?

Tatizo ni kwamba wakati ananiambia hayo, nyuma ya mlango uliorudishiwa, kwaya ilikuwa inaanza kuyaimba majina marefu. Sehemu hiyo ya kwanza inafungwa na majina ya wahamiaji, yenye silabi nyingi, yanayojiviringisha mdomoni, na muziki wenyewe unafunguka kuyapisha. Niliyasikia kwa mbali. Mzee sikio lake la kushoto halisikii vizuri, na ndilo lililokuwa upande wa mlango. Nikafungua kinywa nimwambie, nikafunga. Sijui kwa nini. Labda niliona aibu ya zile nakala 11 zilizokuwa kwenye mkoba wangu.

Tulirudi ndani sehemu ya pili imeshaanza. Hii ni Breaker Boys, ya watoto waliofanya kazi kwenye majengo ya kupondea na kuchambulia makaa. Makaa yalikuwa yanamiminika kwenye mifereji, nao wamekaa juu yake wameinama, wanaokota mawe ya kawaida yaliyochanganyika. Glavu hawakuruhusiwa, kwa sababu vidole vilitakiwa vihisi tofauti ya jiwe na kaa, na vidole hivyo vilivimba, vikapasuka, vikatoka damu. Mwanzoni mwa karne ya 20 walilipwa kama senti 50 hadi 60 kwa siku. Sheria ya 1885 ilikataza walio chini ya miaka 12 kufanya kazi hiyo, lakini umri ulithibitishwa kwa neno la mzazi, na mzazi mwenye njaa neno lake linajulikana. Picha ambazo mpiga picha Lewis Hine aliwapiga Pittston mwaka 1911, nyuso nyeusi zimepangwa safu, wengi mmeziona hata kama hamjui ni za wapi.

Muziki wake una ngoma na gitaa, una mdundo wa roki kabisa, na maneno yake mengine ni mashairi ya mtaani ya watoto wenyewe. Hapo chumba kiligawanyika bila mtu kusema neno. Mtoto wa mwenzetu mmoja, wa miaka 12, aliyekuja kwa kukosa wa kumwachia nyumbani, akaanza kugonga mguu. Alto wetu mkongwe, mwalimu mstaafu wa historia, akamtazama yule mguu mpaka ukaacha.

Wimbo ulipokwisha, mwalimu mstaafu alisema hawezi kuimba jambo hilo kwenye ibada ya kumbukumbu. Msiba hauchezwi, alisema. Mtoto akauliza, bila kumjibu yeye, "Walikuwa wanacheza saa ngapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Mzee wa besi, ambaye bado alikuwa amenuna, ndiye aliyejibu: baba yake alimsimulia kwamba wavulana wa pale walikuwa watundu kuliko mashetani, wakikwamisha mtambo kwa kuchomekea kipande cha mti ili wapate nusu saa ya kupumua na kurushiana mawe. Mtoto akacheka. Mwalimu hakucheka, ila aliandika kitu kwenye kitabu chake cha nyimbo.

Mimi nasimama na mtoto hapa. Ukiwaimbia wale wavulana kwa sauti ya tanzia mwanzo mpaka mwisho, unawaua mara ya pili: wanabaki picha ya Hine, hawana utoto. Ila kuna mahali katikati ya sehemu hii ngoma zinapopungua na maneno yanahamia kwenye kumbukumbu za mmoja wao alipokuwa mzee, anaeleza vidole. Kwenye daftari langu pale nimeandika "kimya" tu. Hata kijana wa uhandisi aliacha simu.

Sehemu ya tatu haikutuchukua muda. Ni hotuba ya John L. Lewis, rais wa chama cha wachimbaji tangu 1920 hadi 1960, aliyoitoa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1947: kwamba ikiwa ni lazima taifa lisage nyama na mifupa ya watu kwenye mtambo wake wa viwanda, basi sisi tunaokaa kwa raha kwa ajili ya makaa hayo tunawiwa nao ulinzi kwanza, na tunawiwa na familia zao wakifa. Anaiimba mwanaume mmoja, kwaya inamwitikia. Wote waliipenda, na kupendwa na wote siku zote hunipa shaka kidogo. Mwalimu mstaafu alikumbusha jambo moja lililo la kweli: maneno hayo Lewis aliyasema baada ya mlipuko wa Machi 1947 uliowaua watu 111 Centralia ya Illinois, si Centralia yetu ya Pennsylvania ile yenye moto unaowaka chini ya ardhi tangu 1962. Migodi ya kule ni ya makaa laini, si anthrasiti. "Kwa hiyo wametukopea hotuba," alisema. Mzee akasema mfu ni mfu. Tukaendelea.

Flowers, Maua, ndiyo sehemu niliyodhani itapita bila mjadala. Mjukuu mmoja wa mchimbaji alimweleza Wolfe kwamba vijiji vya kampuni vilikuwa na bustani kila nyumba, na akamtajia maua yaliyopandwa. Wolfe akayachukua majina ya maua akayaimbisha kwa sauti za kike, laini, zinapokezana. Orodha nyingine tena, lakini safari hii ya vitu vilivyochanua. Kijana wa uhandisi alisema ni kama kadi ya salamu. Mwalimu wa kwaya, ambaye mpaka hapo alikuwa amezungumzia matamshi na pumzi peke yake, alisema hii ndiyo tunayoiweza kwa sauti tulizonazo.

Mama wa soprano alikuwa anatabasamu. Akasema kitu ambacho nilikitafsiri kwa wote, na tafsiri haikukifikia: mwanamke anayeishi penye vumbi hupanda maua ili macho yapate pa kutua. Kwake haya hayakuwa mapambo. Alisema kwenye ile orodha ya akina John hakuwaona wake zao, na hapa ndipo walipo, wameinama kwenye vitalu. Alikuwa amejipatia jibu la swali lake la mwanzo, mwana wa nani, ameacha nani, bila mimi kumpa karatasi yoyote. Alto wawili wakasema tena na tena kwamba hawakuwa wameliona hilo. Hata mimi sikuwa nimeliona, na kazi hii nilikuwa nimeisikiliza mara nne kabla ya jioni ile.

Ya mwisho, Appliances, ndiyo iliyowasuta watu. Inataja mambo tunayoyafanya kila siku kwa umeme: kuoka keki, kutoboa ukuta, kupasha nyumba joto, kupiga gitaa kwa sauti ya juu. Kijana aliyechoshwa na akina John alikaa wima. Hakuipenda, lakini sasa alikuwa anabishana nayo, akasema umeme wake leo hautoki kwenye anthrasiti, kwa nini aulizwe yeye? Hesabu yake ni sahihi. Anthrasiti ilifikia kilele mwaka 1917, kama tani milioni 100, ikaanza kushuka, na huku kwetu kaskazini mashimo ya chini yalikaribia kufa kabisa baada ya tarehe 22 Januari 1959, mto Susquehanna ulipopasua dari ya mgodi pale Port Griffith na kuzamisha migodi ya jirani pamoja na watu 12. Lakini nilivyomwandika kwenye daftari ni hivi: "Anajitetea. Hakuna aliyemshtaki." Mzee akamwambia, kwa upole wa kwanza jioni ile, "Mwanangu, hata mimi sikuchimba. Nilikuwa fundi wa friji."

Mwisho kabisa anakuja Phoebe Snow. Huyu hakuwa mtu. Alibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1900 na kampuni ya reli ya Delaware, Lackawanna and Western, bibi wa kitajiri aliyevaa gauni jeupe kutoka New York hadi Buffalo, na gauni likafika jeupe vilevile, kwa kuwa treni ile ilichoma anthrasiti, ambayo karibu yote ni kaboni na haina moshi mwingi. Lilikuwa tangazo la biashara, lenye beti za kuchekesha. Wolfe analimalizia oratorio yake, na muziki unakimbia kama treni inayotoweka.

Mama wa soprano anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Nilipomweleza kwa Kiswahili gauni hilo ni la nani, alifikiri kidogo. "Sawa. Na mashuka ya mke wa mchimbaji yalianikwa wapi?" Nilipolitafsiri, alto mmoja, mwenye zaidi ya miaka 80, alisema mama yake alikuwa akitazama upepo kabla ya kuanika: ukivuma kutoka kwenye kilima cha taka za makaa, siku hiyo hafui. Walizungumza wao wawili kwa dakika kumi, mimi katikati nikipeleka na kurudisha, na nakiri kwamba mazungumzo hayo yalikuwa bora kuliko yote niliyoyasoma kuhusu kazi hii.

Tulikutana tena Alhamisi iliyofuata. Safari hii nilizigawa nakala mlangoni, nikaeleza kwa sentensi tatu jinsi majina yalivyochaguliwa: John tu, silabi moja, alfabeti, majina marefu yako mwishoni. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba mzee radhi. Sikupata nafasi, kwa sababu alikuwa ameshika karatasi, kidole kiko kwenye neno moja.

"Alfabeti," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa alivyotoka siku ile. Hakutoka kwa kuchoka. Alikuwa amekaa anasubiri herufi yake. Masikio yake ya mwimbaji yalikuwa yamegundua mpangilio bila kuambiwa, akasubiri ukoo wake ufikiwe, herufi ikafika, ikapita, na jina la babu yake halikutajwa. Yote aliyoniambia kwenye ngazi kuhusu watu wa Wales yalikuja baada ya hapo. Mpaka jioni ile nilikuwa nimemwandika chini ya kichwa "wasioipenda". Ilibidi nikate mstari.

Nikisema hivi sina maana kwamba kila anayeikataa kazi ana jeraha nyuma yake. Kijana wetu hakuipenda kwa sababu haikumfaa, basi. Lakini kati ya watu 11 niliowaandika, saba walianza kuzungumzia muziki pale tu walipokuwa wameshajua wao wako wapi ndani yake, au wameshajua hawamo. Kabla ya hapo walikuwa wanatafuta. Nakala za maneno hazikubadili ladha ya mtu. Zilifupisha kutafuta.

Mama wa soprano ndiye aliyemwuliza mzee, kwa Kiingereza chake cha kuhesabu maneno, babu yake aliitwa nani.

"Jan."

"Nyumbani?"

"Nyumbani, Jan."

"Na kazini?"

Mzee hakujibu mara moja. Wale wachimbaji kutoka Slovakia na Poland kina Jan, wa Lithuania kina Jonas, wa Italia kina Giovanni, wote walipofika kwenye meza ya karani wa mgodi walitoka na jina moja, na jina la ukoo likikataa kuandikika lilikatwa likabaki kipande. Wote pale tulilijua hilo. Hakuna aliyekuwa amelifikiria kuhusu orodha ile.

"John," alisema mwishowe. "Kwenye hati ya mshahara aliitwa John, na ukoo wameuacha nusu."

Akaomba tuirudie sehemu ya kwanza tangu mwanzo. Alisogeza kiti mpaka kwenye spika isiyo na mkwaruzo, akaigeuzia sikio la kulia. Safari hii hakuwa anasubiri herufi ile ya kwanza. Alikuwa na herufi mbili za kusubiri, ya jina zima na ya kipande. Mvumo ukaanza, vijiko vikatetemeka, akina John wakapita. Kahawa haikumiminwa na mtu mpaka majina marefu yalipoisha.

Mwalimu wa kwaya aliamua tuombe nota za Flowers, na kabla ya kuimba yatasomwa majina ya watu wa parokia waliofia mgodini, kila mmoja na alivyoitwa nyumbani. Mzee amekubali kusoma. Jina la ukoo alilolitaja usiku ule sijaliandika kwenye daftari. Aliniomba ningoje kwanza aende kwenye kumbukumbu za ajali akaangalie mwenyewe, maana kwa kumbukumbu za familia yao makarani waliliandika kwa namna tatu.